Safu ya Mbele kwa Msikilizaji wa Mtopanga

Kila Jumatatu asubuhi, bendera inapopandishwa katika shule za Mtopanga, Mombasa, watoto husimama wima na kuimba wimbo ambao sauti yake ilizaliwa kando ya Mto Tana, mama wa Kipokomo akimbembeleza mwanawe. Mnamo 1963 jopo la watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Washington Omondi, Peter Kibukosya na Thomas Kalume, liliichukua sauti ile ya bembelezi, likaipangia sauti za juu na za chini, likaifanya iwe wimbo wa taifa wenye kuweza kuimbwa na kwaya na kupigwa na bendi. Kazi waliyoifanya ndiyo kazi ya kila siku ya mtunzi wa muziki wa okestra: kuokota sauti moja ya nyumbani, kuigawia vyombo kadhaa, na kuisimamisha jukwaani bila kuipotezea asili yake.

Hata hivyo, tangazo la onyesho la kwateti ya nyuzi likibandikwa mjini, wengi wa bara ya Kisauni hulipita. Wanahisi limeandikwa kwa watu wa Nyali, au wageni wa hotelini, au waliosoma piano tangu utotoni. Hisia hiyo haina msingi. Mtu aliyekulia Mtopanga, akasikia udi harusini, matari maulidini, kwaya kanisani na taarabu ya Zein l'Abdin kwenye redio ya babake, ana sikio lililofunzwa zaidi ya anavyodhani. Kilichobaki ni mambo ya utaratibu: kujua onyesho liko wapi, kujitayarisha kulisikiliza, kufika, na kurudi nyumbani salama.

Sikio ambalo tayari lipo

Wazungu waliuita muziki wa aina ya kwateti muziki wa chumba kwa sababu ulipigwa majumbani, si uwanjani wala katika kumbi kubwa. Wapigaji huwa wachache, kuanzia wawili hadi wanane au tisa hivi. Kila mmoja hubeba sehemu yake peke yake, na hakuna mtu wa kusimama mbele na kijiti kuwaongoza. Kundi lililozoeleka zaidi ni kwateti ya nyuzi, yaani fidla mbili, viola moja na selo moja. Joseph Haydn, Mwaustria aliyeishi kati ya 1732 na 1809, aliandika kwateti 68 za namna hiyo, na waliomfuata wakaufanya mpangilio huo kuwa mizani ya kumpimia mtunzi.

Mswahili anayesikia maelezo hayo hana budi kukumbuka kitu. Wapigaji wachache waliokaa karibu, wanaotazamana machoni, kila mmoja na chombo chake, wakisikilizwa na watu waliokaa hatua chache tu kutoka kwao: hiyo ni taarabu ya sebuleni, kabla ya spika kubwa. Unguja kuna kidumbaki, ambacho ni kidogo zaidi: fidla moja, ngoma mbili ndogo, cherewa, vijiti vya mkwasa, na sanduku la chai lililofungwa uzi mmoja likafanywa besi. Kwa idadi ya wapigaji na kwa namna wanavyojibizana, kidumbaki ni muziki wa chumba kwa maana yote ya neno hilo, ila watu wake hucheza badala ya kukaa kimya.

Ukoo huo ni wa zamani. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Mwaka 1905 kikaundwa Ikhwani Safaa, kikundi ambacho kingali hai. Baadaye vikundi vya taarabu vya Unguja vikafuata mfano wa okestra za Cairo: safu ya fidla, selo, besi kubwa, ganuni, udi, nai na kodiani. Selo, chombo ambacho mtu wa Mtopanga hukidhania kigeni kabisa, kimekuwa kikitumikia mashairi ya Kiswahili kwa vizazi kadhaa.

Kuna daraja jingine, nalo ni bashraf. Vikundi vya Unguja hupenda kufungua onyesho kwa kipande hicho kisichokuwa na maneno, kilichotoka kwa Waturuki kupitia Misri. Msikilizaji wa taarabu akishaweza kutulia dakika kadhaa akifuata bashraf, fidla zikiuliza na ganuni ikijibu, amekwisha kuvuka kikwazo kikubwa kinachowashinda wengi katika muziki wa kwateti, yaani kukosa mwimbaji.

Na liko jambo ambalo mtu wa Pwani humzidi hata mpenzi wa muziki wa Ulaya. Maqamu, yaani ngazi za sauti, kama rasti, bayati na sika yana sauti zinazoangukia katikati ya vidude vya piano, mahali ambapo piano haina kitu. Watunzi wa karne ya 20 waliozitafuta sauti hizo za katikati waliwashtua wasikilizaji wao. Alois Hába wa Ucheki aliandika kwateti nzima ya robo-sauti mwaka 1920, na hadi leo kuna wanaoisikia kama vyombo visivyokazwa nyuzi vizuri. Sikio lililolelewa na udi halishtuki hivyo. Linajua kwamba sauti ya katikati nayo ina makao yake.

Majuma mawili ya kujitayarisha

Anayetaka kwenda kusikiliza kwa mara ya kwanza ajipe majuma mawili, simu yake, na spika za masikioni. Bila hizo, kipaza sauti kidogo cha simu humeza selo yote, na msikilizaji akabaki kulaumu muziki. Wakati mzuri ni baada ya Isha, tuktuk zikipungua barabarani na watoto wakishalala. Vipande vinne vyatosha, na vyote vinapatikana kwenye YouTube.

Cha kwanza ni cha Haydn: sehemu ya pili ya kwateti yake ya opasi 76 namba 3, iliyo maarufu kwa jina la kwateti ya Kaizari. Mwaka 1797 Haydn alitunga wimbo wa kumwombea mfalme wa Austria, kisha akauingiza katika kwateti hii. Sauti hiyohiyo leo ni wimbo wa taifa wa Ujerumani. Kwa anayejifunza, faida yake ni kwamba Haydn amepanga darasa lenyewe. Kwanza fidla ya kwanza hutoa wimbo. Kisha fidla ya pili huuchukua, halafu selo, halafu viola, na mwisho hurudi kwa fidla ya kwanza, huku vyombo vilivyobaki vikiufuma mkeka mpya chini yake kila mara. Aisikilize sehemu hiyo mara tatu. Mara ya kwanza aufuate wimbo tu, unapohama kutoka mkono hadi mkono. Mara ya pili auache wimbo, afuate chombo cha chini kabisa. Mara ya tatu afumbe macho asikie vyote. Akimaliza atakuwa amejifunza kusikiliza kwateti yoyote duniani.

Cha pili kimetoka Uganda. Justinian Tamusuza, mtunzi aliyezaliwa 1951, aliandika Ekitundu Ekisooka, yaani sehemu ya kwanza kwa Kiganda. Kronos Quartet ya San Francisco ilikirekodi katika albamu ya Pieces of Africa iliyotoka 1992. Humo vyombo vinne vya Ulaya vinasukwa kwa mapigo ya Buganda, na anayejua ngoma za Pwani atakuta mguu umeanza kugonga sakafu kabla hajauamuru.

Cha tatu kimo katika albamu ileile, nacho ni Escalay cha Hamza El Din, Mnubi mpiga udi aliyefariki 2006. Neno hilo la Kinubi maana yake ni gurudumu la kutekea maji. Nchi ya Wanubi ilizama chini ya maji ya bwawa la Aswan, na Hamza akabaki kulisimulia lile gurudumu kwa udi. Kwa kipande hiki msikilizaji atafute rekodi mbili: ile ya Hamza mwenyewe akipiga udi, na ile ya Kronos. Akisikia jinsi udi mmoja unavyogeuka kuwa nyuzi kumi na sita za kwateti, ataelewa kazi ya kupanga muziki kuliko vile kitabu kingemweleza.

Cha nne ni cha kizazi cha sasa. Nyokabi Kariũki, mtunzi Mkenya, alitoa peace places: kenyan memories mwaka 2022, akachanganya sauti za nyumbani alizozirekodi, sauti za watu na vyombo. Anayeupenda mkondo huo aendelee kwa KMRU, yaani Joseph Kamaru, mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri wa jina hilohilo, ambaye albamu yake Peel ya 2020 imejengwa kwa sauti zinazobadilika polepole mno. Muziki wa namna hii humtaka mtu awe na subira. Humlipa pia, hasa anayesikiliza gizani.

Kama baada ya majuma mawili kimoja kati ya vinne hakikumwingia, hapana neno. Watunzi wa siku hizi hawana mtindo mmoja. Steve Reich wa Marekani alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma, akarudi akaandika Drumming. György Ligeti, aliyezaliwa katika familia ya Kihungari, alizipenda rekodi za muziki wa Afrika ya Kati na mapigo yake yakaingia katika masomo yake ya piano. Mmoja ananguruma, mwingine ananong'ona, na msikilizaji ana haki ya kuchagua.

Wapi, na msimu gani

Mombasa haina okestra kubwa yenye ratiba ya mwaka mzima, kwa hiyo msikilizaji wa Mtopanga hupaswa kuwinda. Mahali pa kuanzia ni kisiwani. Alliance Française ya Mombasa huleta wanamuziki, na tarehe 21 Juni ndiyo siku ya muziki iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1982, ambayo vituo vya Alliance Française huiadhimisha. Little Theatre Club, barabara ya Mnazi Mmoja, ni ukumbi wa maigizo wa siku nyingi, mdogo kiasi cha kuufaa muziki usio na vipaza sauti. Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, ni makao ya vijana wa sanaa. Fort Jesus yenyewe, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2011, huwa na shughuli za utamaduni ndani ya kuta zake. Makanisa makuu mawili ya Nkrumah Road, la Kianglikana na la Kikatoliki, yana dari za juu zinazoipa kwaya mwangwi usiopatikana kwingine mjini. Majuma ya kuelekea Krismasi na Pasaka ndiyo ya kuyafuatilia.

Kuna tamasha moja ambalo watu wazima hulisahau kwa kuwa wanadhani ni la wanafunzi peke yao. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na kila mwaka shule hushindana kuanzia ngazi za chini, za kaunti na za kanda, hadi fainali za taifa zinazoangukia karibu na Agosti. Katika siku moja ya mashindano hayo mtu anaweza kusikia kwaya ikiimba kipande cha Ulaya, kijana akipiga nyatiti, kikundi cha filimbi, na taarabu ya shule. Mzazi wa Mtopanga aulize shule ya mwanawe tarehe za ngazi ya kaunti na mahali zitakapofanyiwa. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo ya kusikia aina kumi za muziki kwa mkao mmoja.

Nairobi ndiko muziki wa okestra uliko na mizizi mirefu zaidi nchini. Nairobi Orchestra iliundwa 1947 na wapigaji wake wengi hupiga kwa mapenzi, si kwa mshahara. Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa 1944, hufundisha na huandaa maonyesho ya wanafunzi na walimu, ambayo kwa anayeanza yana thamani kubwa: ukumbi mdogo, vipande vifupi, na wapigaji wanaoweza kuulizwa maswali baadaye. Ghetto Classics, iliyoanzishwa Korogocho na Elizabeth Njoroge, imewafundisha watoto wa mitaa ya mabanda vyombo vya okestra na imeipeleka kazi yake hadi Mombasa. Anayetaka kuona selo mikononi mwa kijana aliyekulia mtaa unaofanana na wake aanze na hao.

Kusini kuna Unguja. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kimefundisha taarabu na vyombo vyake tangu 2002, na wanafunzi wake hupiga mbele ya watu. Culture Musical Club, kilichoundwa 1958, kimetoa mabingwa kama Rajab Suleiman, mpiga ganuni aliyeunda kundi dogo la Kithara. Kundi hilo linastahili safari: taarabu iliyorudi katika udogo wake, kila uzi ukisikika. Sauti za Busara, tamasha la kila Februari tangu 2004, huwa na majukwaa makubwa na muziki wa kila aina, lakini vikundi vya taarabu hupata nafasi humo.

Kalenda ya Pwani ina desturi zake, na anayepanga asizisahau. Mwezi wa Ramadhani taarabu hunyamaza na kumbi nyingi hupunguza shughuli. Baada ya Idi mambo hufunguka kwa kishindo. Tamasha la utamaduni la Lamu kwa kawaida huwa Novemba. Desemba hoteli za Bamburi na Shanzu hujaa, na baadhi ya wanamuziki wa Nairobi hushuka Pwani kwa kazi za msimu. Huo ni wakati mzuri wa kuwauliza kama wana usiku mmoja ulio wazi.

Tangazo lolote likionekana, maswali matano yaulizwe kwa simu siku mbili kabla: nani anapiga, vyombo gani, saa ngapi mlango unafunguliwa, tiketi inalipiwa wapi, na kama kuna bei ya mwanafunzi. Pia ni vizuri kuhakikisha kwamba saa iliyoandikwa kwa Kiingereza imegeuzwa sawasawa. Saa moja ya jioni imewakosesha watu maonyesho kwa sababu waliona 7 wakasoma saa saba.

Njia na nauli

Onyesho la kisiwani huanza jioni, na jioni ndiyo saa ambayo Daraja la Nyali hubeba watu wanaorudi Kisauni kutoka kazini. Anayetoka Mtopanga huenda kinyume cha wimbi hilo, jambo zuri, lakini Kongowea na Lights hukwamisha magari ya pande zote mbili. Kwa onyesho la saa moja ya jioni, awe stendi kwenye barabara ya Malindi saa kumi na nusu. Akiwahi, ana nafasi ya kuswali Maghribi mjini kwa utulivu, ama kunywa kahawa tungu karibu na Mji wa Kale. Isha huingia wakati onyesho limeanza. Wengi huiswali mapumzikoni au baada ya kutoka, na kuketi mwisho wa safu humwezesha mtu kutoka bila kuwakanyaga wenzake.

Kurudi ndiko kunakotaka mpango. Kufikia saa nne za usiku matatu za kuelekea Kiembeni, Mtopanga na Bamburi zimepungua. Watu wanne wakikubaliana mapema kushiriki teksi moja, gharama hugawanyika na hakuna anayesimama gizani Mwembe Tayari. Dereva wa tuktuk wa mtaani anayefahamika naye anaweza kupangwa kabla, bei ikakubaliwa mchana. Akina mama wanaosita kutoka usiku waulize kuhusu maonyesho ya Jumapili alasiri. Hayo humalizika jua lingali juu.

Anayetoka Likoni avuke kwa feri, ambayo kwa watembea kwa miguu haina nauli, na ajipe muda wa ziada kwa foleni. Wa Changamwe wao huingia kupitia Makupa.

Safari ya Nairobi ni ya siku mbili na inafaa kupangwa mwezi mmoja kabla. Treni ya Madaraka Express, inayofanya kazi tangu 2017, hutoka stesheni ya Miritini, upande wa pili kabisa wa mji kwa mtu wa Mtopanga, hivyo kwa treni ya asubuhi aondoke nyumbani alfajiri. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya vituo vya mwisho imekuwa shilingi 1,500, na ya daraja la kwanza 4,500. Kwa daraja la kawaida, kwenda na kurudi ni 3,000. Tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639#, na zile za mwisho wa juma huisha mapema. Safari huchukua saa tano hadi sita, muda unaotosha kusikiliza vipande vyote vya usiku huo mara mbili. Kwa Unguja, basi hupita mpaka wa Lunga Lunga, kisha boti kutoka Dar es Salaam. Karatasi za kuvukia mpaka zitayarishwe kabla ya tiketi ya tamasha kununuliwa.

Ndani ya ukumbi

Hakuna sare ya msikilizaji. Kanzu safi, buibui, dera, au shati lililopigwa pasi, vyote vinaingia. Kinachoangaliwa zaidi ni sauti. Selo ikipiga taratibu katika chumba cha watu themanini, mfuko wa karanga unaofunguliwa safu ya tano husikika jukwaani. Simu izimwe kabisa. Kuiacha ikitetemeka juu ya kiti cha mbao hakutoshi.

Mpenzi wa taarabu atakosa mambo mawili. La kwanza ni kutunza. Hakuna kuinuka na noti kumwendea mpigaji, na hakuna kumpigia kigelegele katikati ya kipande. La pili ni kuitikia. Shukrani huwekwa mpaka mwisho, na hapo ndipo uchangamfu wa Pwani unaruhusiwa wote. Wapigaji waliozoea makofi ya adabu hufurahi mno wanapokutana na ukumbi wa Mombasa uliofunguka.

Makofi yana utaratibu wake. Kwateti ya mtindo wa Haydn huwa na sehemu nne, na baina ya sehemu na sehemu kuna kimya kifupi kinachomdanganya mgeni. Karatasi ya ratiba huziorodhesha sehemu hizo kwa maneno ya Kiitaliano: Allegro ni mwendo wa haraka, Adagio wa polepole, Presto wa mbio. Msikilizaji ahesabu mistari, na apige makofi ule wa mwisho ukimalizika. Akikosea mara moja hakuna aliyeumia. Akipotea kabisa, awatazame wapigaji. Mikono inapoteremka na mabega kulegea, kipande kimekwisha.

Mahali pa kukaa hubadilika kwa ukumbi. Katika chumba kidogo, safu ya mbele ndiyo bora, kwani huko mtu husikia pumzi za wapigaji kabla ya kuanza pamoja na huona macho yanavyoulizana. Kanisani, penye mwangwi, safu za katikati huleta sauti zilizokutana. Akiwa na mtoto, akae pembeni karibu na mlango, ampe mtoto kazi ya kufuata chombo kimoja tu, na wakitoka wakati wa mapumziko wasione haya. Nusu onyesho kwa mtoto wa miaka saba ni kipimo kizuri.

Mapumzikoni, au mwisho, wapigaji wa vikundi vidogo hukaribiwa kwa urahisi. Swali la kweli hupendwa: nyuzi za selo zimetengenezwa kwa nini, kipande kile kigumu ni kipi, mlijuaje kuanza pamoja. Mtu akitaja udi au ganuni, mara nyingi mazungumzo huendelea hadi mlinzi aje kufunga mlango.

Kuuleta Mtopanga

Baada ya maonyesho matatu au manne, swali hujileta lenyewe: kwa nini usipigwe hapa? Katika muziki wote wa kulipiwa, huu ndio ulio mwepesi kuuhamisha. Hauhitaji jukwaa, jenereta wala spika. Unahitaji chumba chenye kuta za mawe, viti vinne visivyokuwa na mikono, mwangaza wa kutosha kusomea karatasi, na majirani walioambiwa. Ukumbi wa shule wenye nafasi ya viti sitini au themanini unatosha. Kwa vile hakuna vipaza sauti, lile tatizo la kelele ambalo kanuni za mazingira za 2009 hulidhibiti halina pa kuanzia.

Waandalizi wapange saa baina ya Alasiri na Maghribi, wakati joto limepungua na adhana haitaangukia katikati ya Adagio. Feni za dari zizimwe kipande kinapoanza, kwa sababu hunguruma na hupeperusha karatasi. Madirisha ya upande wa barabara yafungwe, ya upande wa uwanja yaachwe wazi. Ratiba iwe ya dakika hamsini bila mapumziko: kipande kimoja cha zamani, kimoja cha Afrika Mashariki ya leo, na kimoja cha Pwani kilichopangwa upya. Sheria ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haydn basi yuko huru kwa yeyote, lakini kwa kazi ya mtunzi aliye hai, au ya shairi la taarabu ambalo warithi wake wapo, ruhusa iombwe kwanza kwa maandishi. Malipo ya wapigaji yakubaliwe mapema, nauli na chakula vikiwekwa mbali na ujira, na wapigaji wa udi na ganuni wa Mombasa waalikwe kama wenzao, wakalipwa sawa.

Watoto wa shule wenyeji wapewe safu ya mbele, chini kwenye mikeka, mita mbili kutoka kwa selo. Wale wanaouimba wimbo wa taifa kila Jumatatu wanaweza kuombwa walifungue onyesho kwa wimbo huo, kwateti ikiwafuata kwa sauti za chini, bembelezi ya Kipokomo ikirudi kwa nyuzi.

Usafiri wa kutoka stendi ya barabara ya Malindi hadi shuleni ni mdogo kuliko watu wanavyohofia. Fidla mbili na viola, pamoja na wapigaji wao watatu, huenea katika tuktuk moja. Selo ndani ya sanduku lake ina kimo cha mtoto wa darasa la nne. Huingizwa ikiwa imesimama, mpigaji wake akaishika shingo, na dereva akaombwa apite matuta polepole. Tuktuk mbili zatosha kuleta kwateti nzima Mtopanga.